Kutua Mzigo: Kazi na Pumziko Kando ya Ziwa Letu

Sisi tunaokaa Mwanza tunaweza kuusoma mwezi kwa kulitazama ziwa tu. Usiku wa giza, mtu akisimama juu ya kilima cha Bugando huona taa zimetanda majini kama mji mwingine uliojengwa ng'ambo. Hao ni wavuvi wa dagaa. Zamani waliwasha karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za sola, lakini kazi ni ile ile: taa inawashwa, dagaa wanaifuata, wavu unateremshwa, na alfajiri akina mama wanapokea mzigo ufukweni ili wauanike.

Mwezi ukikua, taa hizo hupungua, na mwezi mpevu ukifika huzimika. Mbalamwezi ikilimulika ziwa zima, taa ya mvuvi haina mvuto tena. Kwa hiyo kila mwezi, kwa wiki hivi au zaidi, mitumbwi huvutwa nchi kavu. Watu hushona nyavu, huziba mitumbwi inayovuja, hulala usiku kama watu wengine, na walio na familia mbali hupanda gari kwenda kuwaona. Likizo hiyo hakuna tajiri aliyewaandikia. Imeandikwa mbinguni, nao wameikubali tangu zamani.

Sisi wengine tunaofanya kazi nchi kavu hatuna mwezi wa namna hiyo. Mwalimu anasahihisha madaftari hadi saa sita usiku. Muuguzi anatoka zamu ya usiku na kuingia zamu ya mwenzake aliyeugua. Mhasibu yuko kanisani Jumapili, lakini simu yake iko mkononi na mkubwa wake anauliza hesabu za mwezi. Taa zetu hazizimiki, na wengi wetu tunaona fahari kwamba hazizimiki.

Wapendwa, hatuandiki haya ili kuutetea uvivu. Neno la Mungu limeukemea uvivu mahali pengi, na taifa letu lenyewe lilizaliwa na wito wa Uhuru na Kazi. Tunaandika kwa sababu tunaamini kwamba pumziko ni amri kama kazi ilivyo amri, na kwa sababu historia ya ufuko huu wa ziwa ina mengi ya kutufundisha juu ya jambo hilo, kama tukikubali kuisoma yote.

Watu wa mizigo

Kabla ya reli na malori, mtu wa taaluma katika nchi hii alikuwa mpagazi. Wanyamwezi na ndugu zao Wasukuma walisifika kwa kazi hiyo kutoka bara mpaka pwani. Kijana alichukua mzigo wa kilo kama 30, wa pembe au nguo au shanga, akatembea nao miezi. Ilikuwa kazi yenye ujuzi, heshima na kanuni zake.

Moja ya kanuni hizo ilihusu pumziko. Msafara uliondoka alfajiri, na kwa kawaida kabla jua halijawa la utosi watu walitua mizigo, wakajenga kambi na kupika. Tena kazi yenyewe ilikuwa na majira: wengi waliondoka baada ya mavuno, wakajitahidi kurudi mvua zinapokaribia ili washike jembe. Wazungu wa kwanza waliosafiri nao waliandika malalamiko mengi juu ya wapagazi wanaokataa kuendelea na safari. Lakini walioyajua mabega yao ni wapagazi wenyewe. Walijua kwamba mzigo usiotuliwa leo utamwangusha mtu kesho, na mtu akishaanguka, mzigo nao hautafika.

Iko habari moja ambayo wapenda kazi huifurahia. Mwaka 1858 Richard Burton na John Hanning Speke walikuwa Kazeh, yaani Tabora. Burton hakuwa na afya nzuri, akabaki. Speke akaenda kaskazini pamoja na Sidi Mubarak Bombay na wapagazi, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa letu. Aliyekwenda akapata sifa, na aliyebaki akaikosa. Basi, watasema, anayepumzika hupitwa.

Tuweke habari ya pili kando ya hiyo. Novemba 1874 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo, watu wake wamebeba vipande vya mashua iliyoitwa Lady Alice. Walifika Kageye, kijiji cha ufukweni kilichoko leo wilaya ya Magu, tarehe 27 Februari 1875. Ni siku 103. Waliosoma habari zake walistaajabia mwendo huo. Lakini Edward Pocock, mmoja wa Waingereza watatu alioondoka nao, alikuwa amekwisha kufia njiani mwezi Januari. Wa pili, Frederick Barker, alifia Kageye muda mfupi baada ya kufika, akazikwa huko huko. Wa tatu, Frank Pocock, alizama mto Kongo mwaka 1877. Katika watatu hakurudi hata mmoja, na idadi ya wapagazi waliokufa au kutoroka katika safari ile ni kubwa mno. Tukisifu siku 103, tuyahesabu na makaburi.

Mzungu wa kazi

Sasa tufike kwa mtu ambaye makanisa ya kandokando ya ziwa hili yana haki ya kumkumbuka kwa shukrani. Alexander Mackay alizaliwa Uskoti mwaka 1849. Alisomea uhandisi, akajitoa kwa chama cha misioni cha CMS, na mwaka 1876 akafika Afrika Mashariki. Alipofika Kageye mwaka 1878 alikuta mali ya wenzake imelundikwa ovyo: vyuma vya mashine, zana na vitabu, vyote vimechanganyika. Wenyewe, Luteni Shergold Smith na Bwana O'Neill, walikuwa wameuawa Ukerewe Desemba 1877. Mackay alivuka kwenda Ukerewe bila silaha ili kupatana na Mtemi Lukonge. Kisha akatengeneza mashua yao, na mwezi Novemba akafika Buganda.

Huko watu walimpa jina la Mzungu wa kazi. Alifua chuma, alipasua mbao, alichapa vitabu kwa mashine ya mkono, alifundisha vijana kusoma na kufasiri Maandiko kwa Kiganda. Alikuwapo katika miaka ya mateso, vijana aliowafundisha walipouawa kwa ajili ya imani yao. Julai 1887 akafukuzwa Buganda, akavuka ziwa kuja upande wetu wa kusini, akajenga kituo Usambiro. Machi 1888 askofu wake, Henry Parker, alikufa kwa homa hapo Usambiro. Mackay akaendelea.

Ilipofika mwaka 1889, alikuwa hajarudi kwao hata mara moja tangu alipoondoka. Wakubwa wa chama walimtaka aende nyumbani apumzike. Mwanzoni mwa Januari 1890 aliwajibu kwa barua. Kwa ufupi aliwaambia kwamba huu si wakati wa mtu kuiacha zamu yake. Wampelekee kwanza watu ishirini, ndipo huenda atashawishika kwenda kuwasaidia kuwatafuta ishirini wengine.

Tarehe 8 Februari 1890 Mackay akafa kwa homa pale Usambiro. Alikuwa na umri wa miaka 40. Baadaye mifupa yake ilihamishiwa Namirembe, Kampala.

Makanisani tumezoea kuisimulia habari hii kwa njia moja: tazameni mtu aliyejitoa, asiyejua likizo, fanyeni vivyo hivyo. Na kweli alijitoa, wala hatuna kinywa cha kumlaumu. Lakini tukiisoma barua yake kwa makini, tunaona ndani yake jambo jingine. Mackay hakusema kwamba pumziko ni dhambi, wala kwamba mtumishi wa Mungu hachoki. Alisema hana wa kumpokea zamu. Kama watu ishirini wangekuwa wamefika, angeweza kwenda. Barua ile tunayoisoma kama sifa ya ushujaa ilikuwa pia shtaka, na walioshtakiwa ni sisi wa makanisani, tunaopenda kumsifu mtu mmoja anayebeba mzigo wa ishirini kuliko kuwatafuta ishirini.

Kanuni ya watatu

Katika miaka ile ile, misioni nyingine ilifanya kazi upande huu wa ziwa. Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie mwaka 1868 huko Algiers, walifika ziwani mwishoni mwa safari yao ya kutoka Bagamoyo ya mwaka 1878. Walipoondoka Buganda kwa muda, walianzisha kituo cha Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883. Kituo hicho kipo hadi leo.

Lavigerie aliwawekea kanuni ambayo hawakuruhusiwa kuivunja: katika kituo kimoja wasikae pungufu ya watatu. Si mmoja, wala wawili. Kanuni hiyo ilikuwa na sababu za kiroho, lakini ilikuwa na faida ambayo kila mwenye kazi ya zamu anaielewa. Mmoja akiugua, mmoja anamuuguza na mmoja anafundisha. Mmoja akienda safari, kituo hakifungwi.

Tuseme kweli yote. Kanuni ya watatu haikuwakinga na homa. Padre Siméon Lourdel, mmoja wa wawili wa kwanza wa shirika hilo kufika Buganda, alikufa Rubaga tarehe 12 Mei 1890, miezi mitatu tu baada ya Mackay, akiwa na umri wa miaka 36. Wakati ule hakuna aliyejua malaria inaenezwa na nini. Ilikuwa mwaka 1897 Ronald Ross alipogundua vijidudu vyake katika mbu. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba Mackay angepumzika angeishi. Historia haituruhusu kusema hivyo, na wahubiri tuache kuilazimisha.

Tunachoweza kusema ni kwamba kulikuwa na namna mbili za kupanga kazi ya Mungu kando ya ziwa moja. Katika namna ya kwanza, pumziko liliachwa kwa dhamiri ya mtumishi mwenyewe: akitaka aende, asipotaka abaki. Mtu mwema akiachiwa hivyo, siku zote atabaki, maana atawaonea huruma walio mbele yake. Katika namna ya pili, waliotuma ndio waliojifunga kwa kanuni, ili mtumishi asiachwe peke yake hata kama yeye mwenyewe yuko tayari kuachwa.

Maandiko yanaijua tofauti hiyo. Katika Kutoka 18, Musa anaketi kuamua watu tangu asubuhi hata jioni, na haoni tatizo lolote. Anayeliona ni Yethro, mkwewe. Hakumwambia Musa ajitahidi zaidi kusali. Alimwambia kwamba jambo lile litamchosha yeye na watu pia, kisha akampa mpango: wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Vivyo hivyo katika 1 Wafalme 19, Eliya amechoka hata anaomba afe. Kabla Mungu hajasema naye juu ya kazi iliyobaki, malaika anamletea mkate na maji, naye analala, anaamshwa, anakula, analala tena. Mahubiri yalingoja usingizi.

Pamba, reli na ngoma

Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Pamba ya Usukuma ikapata njia ya kwenda pwani kwa treni, na mji ukaanza kuishi kwa saa ya stesheni, ya bandari na ya vinu vya kuchambulia pamba. Wakulima nao walijipanga. Vyama vyao vya ushirika vikaungana mwaka 1955 katika Victoria Federation, chini ya uongozi wa Paul Bomani, na umoja huo ukawa miongoni mwa ushirika mkubwa kabisa barani Afrika. Hawa hawakuwa watu wavivu. Ada na majengo mengi ya shule katika kanda hii yalilipwa na jasho la pamba.

Lakini Msukuma mkulima hakulima mwaka mzima. Baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa sita, yalikuja majira ya ngoma. Vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu, vilishindana mbele ya umati, na washindi walisifiwa mwaka mzima. Huko Bujora, karibu na Kisesa, Padre David Clement kutoka Kanada aliona jambo ambalo wengi kabla yake hawakuliona. Badala ya kuyapiga vita majira yale kama upagani, aliyakaribisha kanisani. Sikukuu ya Ekaristi, ambayo kwa kawaida huangukia mwezi wa sita, ikawa sherehe ya Bulabo, na ngoma za mavuno zikachezwa kwa utukufu wa Mungu. Watu hukusanyika Bujora kwa sherehe hiyo hadi leo.

Jambo hili halipaswi kutupita. Injili haikuja kuwafundisha watu wa ziwa kupumzika kana kwamba hawakujua. Hata majina ya siku zetu yana ushuhuda. Kiswahili huhesabu juma kutoka siku ya sala ya Waislamu: baada ya Ijumaa huja Jumamosi, yaani ya kwanza, kisha Jumapili, ya pili. Hesabu ya siku za kazi inaanzia kwenye siku ya kumwabudu Mungu. Sisi Wakristo tulipokea kalenda hiyo pamoja na lugha, na ndugu zetu Waadventista, ambao wako wengi katika Mwanza na Mara, hutukumbusha kila Jumamosi kwamba kuna watu waliokubali kupoteza soko, mtihani na hata ajira kwa ajili ya siku moja. Tunaweza kutofautiana nao juu ya siku, lakini ujasiri wao tuuheshimu.

Azimio na wasio na Jumapili

Mwaka 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha. Oktoba ya mwaka huo Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi hapa Mwanza, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, kuja kwenye mkutano mkuu wa TANU. Wazee wetu waliomwona akipita bado wanasimulia.

Azimio linakumbukwa kama wito wa kufanya kazi kwa bidii, na ndivyo lilivyo. Linasema wazi kwamba saa ambazo mfanyakazi wa mshahara anafanya kazi kwa wiki si nyingi kwa nchi maskini. Lakini katika sehemu hiyo hiyo liko neno ambalo wengi tumelisahau. Azimio linataja wanawake wa vijijini, linasema wanafanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu, wakati wanaume wengi wa vijijini ni kama wako likizo nusu ya maisha yao.

Kwa maneno mengine, Mwalimu aliona kwamba swali la pumziko ni swali la haki. Nchi moja inaweza kuwa na watu wanaopumzika kupita kiasi na watu wasiopumzika kabisa, na hao wa kwanza wakapumzika kwa mgongo wa hao wa pili. Kumbukumbu la Torati 5 inasema hivyo hivyo. Amri ya Sabato pale haiishii kwa mwenye nyumba. Inamtaja mtumwa, mjakazi, ng'ombe, punda na mgeni aliye malangoni, na inatoa sababu: ili mtumwa na mjakazi wapumzike kama wewe, ukikumbuka kwamba nawe ulikuwa mtumwa Misri. Farao hakuwa na Sabato. Watu wa Mungu hawana ruhusa ya kuwa Farao wadogo.

Sheria ipo

Leo pumziko limeandikwa katika sheria ya nchi yetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha kawaida cha saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Inataka mfanyakazi apate angalau saa 12 za mapumziko kati ya siku na siku, na saa 24 mfululizo kila wiki. Inampa likizo ya siku 28 kwa mwaka kwa malipo. Saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne.

Sayansi nayo imesema. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio kwamba mwaka 2016 watu 745,000 duniani walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo uliohusiana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Walilinganisha na wanaofanya kazi saa 35 hadi 40, wakaona hatari ya kiharusi inapanda kwa asilimia 35 hivi. Presha na kiharusi si habari ngeni kwetu. Tumewazika watu wa makamo, watu wa kazi nzuri, na katika risala ya msibani tumesoma kwa sifa kwamba marehemu hakuwahi kuchukua likizo.

Hapo ndipo tunapaswa kujihoji. Sheria ipo, lakini kila mmoja wetu anajua jinsi inavyozungukwa: likizo inaandikwa kwenye karatasi na mtu anaitwa kazini siku ya tatu, simu inaita usiku, mwenye duka, dereva wa boda boda na mama ntilie hawana wa kuwaandikia likizo, na siku wasiyofanya kazi ni siku wasiyokula. Tusiwahubirie hao kana kwamba wanakosa imani. Mwenye njaa hapumziki kwa mahubiri. Wenye uwezo ndio tunaohojiwa kwanza.

Na kanisa lisijitoe. Katika kila kanisa yuko mtu wa aina hii: ni mwalimu au muuguzi siku sita, na siku ya saba ndiye mhazini, mwanakwaya, mjumbe wa kamati ya ujenzi na mshauri wa vijana. Tunampa kila kazi kwa sababu hakatai. Anafika Jumatatu amechoka kuliko alivyokuwa Ijumaa, nasi tunamwita nguzo ya kanisa. Nguzo ikipasuka tunashangaa. Tumemfanyia yale yale aliyofanyiwa Mackay: tumemsifu badala ya kumtafutia wenzake ishirini.

Yuko na mwingine, tena huyu yuko nyumbani kwetu. Ni dada wa kazi. Jumapili asubuhi anawahi kuamka kuliko siku nyingine ili watoto wapigwe pasi na chai iwe tayari. Sisi tunakwenda kusikia juu ya siku ya Bwana, yeye anabaki jikoni kutengeneza chakula cha mapumziko yetu. Sheria inampa saa zake 24. Torati ilimtaja kabla ya sheria. Kama familia zetu hazina siku ambayo binti huyo ameachiwa, basi hatujaanza kuitunza Sabato, hata tukiwahi ibada ya kwanza.

Bwana aliyelala chomboni

Watu wa ziwa tunaielewa Marko 4 kuliko wengine. Tunajua upepo unavyogeuka ghafla jioni, tunajua maji yakianza kuingia chomboni mtu anafanya nini. Siku ile Yesu alikuwa amefundisha makutano mchana kutwa. Jioni walipovuka, yeye alilala kwenye shetri, kichwa juu ya mto. Wanafunzi walifikiri hajali. Lakini angelala vipi asiyejali, akaamka na kuokoa chombo? Alilala kwa sababu alimwamini Baba, na kwa sababu mwili aliouvaa ulikuwa mwili wetu, unaochoka. Na sura mbili mbele, wanafunzi walipokuwa hawana nafasi hata ya kula, yeye mwenyewe aliwaita waende kando wapumzike. Aliwahurumia watumishi kabla hawajaomba.

Basi tufanye nini? Tunapendekeza mambo matatu, yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, kila kazi ya kanisa iwe na watu watatu wanaoijua, kama ile kanuni ya Bukumbi, ili mmoja akitaka kutua, wawili wapokee. Pili, sisi tulio wakubwa kazini tuache kuwapigia simu walio chini yetu katika siku yao ya mapumziko, na likizo ya mtu iwe likizo. Tatu, wiki hii hii tuketi na dada wa kazi, tumuulize anataka siku gani iwe yake, kisha sisi wenyewe tushike ufagio.

Mwezi mpevu ujao, tutazame tena ziwani. Taa zitakuwa zimezimwa na mitumbwi iko mchangani. Hakuna mvuvi atakayelala akiogopa kwamba dagaa wataisha kwa sababu yeye amelala. Giza litarudi, naye ataingia majini tena akiwa na wavu ulioshonwa na mikono yenye nguvu. Sisi tunaokiri kwamba Mungu ndiye aliyeuumba mwezi huo tujifunze kwa majirani zetu hao, na Bwana atujalie neema ya kutua mzigo, na ya kumsaidia mwingine kutua wake.